Muhtasari wa Kikao cha Saa Nne

Mimi ndiye niliyeuandika. Jina langu lipo chini kabisa,
baada ya saini ya mwenyekiti: karani.

Walitoka Kwa Mtoro usiku wa manane,
watu saba na galoni ya asali iliyokatiwa tiketi yake.
Mtumba iliwapokea kwa upepo wa Septemba,
ule unaokwapua kofia na kukulisha mchanga,
na kwa mlinzi aliyesema asali haimo
katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kuingia.
Ikabaki getini, kwenye kivuli chembamba cha mlingoti.
Wao wakapanda ghorofani na neno MGENI shingoni,
kila mmoja na namba yake.

Ajenda ya tatu: maoni ya wananchi
kuhusu rasimu ya sera ya misitu ya hifadhi.
Kurasa themanini na sita.
Walipewa saa tatu na nusu, zikiwa bado na joto la mashine.

Leokadia Mossi akauliza:
mizinga yetu iko ukurasa upi?
Mtaalamu akafungua, akafunga, akafungua tena.
Mizinga, akasema, imo ndani ya neno “shughuli.”
Na mizizi tunayochimba njaa ikibisha hodi?
Nayo ni shughuli.
Na makaburi?
Hapo mtaalamu akanywa maji.

Niliandika: Wajumbe waliomba ufafanuzi. Ufafanuzi ulitolewa.

Kisha Tito Degera akakitaja kilima kwa jina lake,
jina linaloanza kwa ulimi kubanduka kaakaani,
mlio wa kijiti kikavu
kilichokanyagwa na mtu aliyetaka kupita kimya.
Watu wakacheka. Si kwa ubaya;
walicheka kama unavyomcheka mtoto wa jirani akijifunza kutembea.
Mwenyekiti akauliza jina la kwenye ramani.
Kwenye ramani ni Kitalu B.

Mlio ule ninaujua.
Mama yake mama alinitia kinywani kabla sijaota meno.
Niliumeza bwenini, Kondoa, kidato cha kwanza,
nikaumeza vizuri, bila maji,
hata fomu ya kazi ilipouliza kabila
nikajaza la baba, kalamu haikutetemeka.

“Ndugu zangu,” mwenyekiti akasema,
“katika nchi hii sote ni wazawa.
Hakuna aliye mzawa kumzidi mwenzake.”
Makofi. Nami nilipiga.
Sentensi ile siichezei: ndiyo iliyonisomesha,
nimeolewa na Mgogo kwa baraka zake,
nimezaa watoto ambao hakuna aliyewauliza wao ni nani.

Leokadia akangoja makofi yaishe, mpaka lile la mwisho
la yule bwana wa nyuma aliyechelewa kuanza.
“Sawa. Sote.
Basi mbona anayehamishwa ni mimi peke yangu?”

Saa ya ukutani ilitazamwa na watu wengi.

Kwenye karatasi ya posho alisoma kila mstari kabla ya kusaini,
foleni nyuma yake ikafika mlangoni.

Getini sisimizi walikuwa wameshapitisha azimio lao.
Mlinzi anapangusa galoni kwa kofia yake, ameona haya.
Leokadia akamwonjesha kwa kidole, akacheka naye,
akageuka, akanisalimu. Kwa lugha ile.
Sijui alinijuaje.
Ulimi wangu ukainuka, ukagusa kaakaa,
ukang’ang’ania hapo.
Basi likaondoka.

Usiku nilichapa. Nilipofika kwenye kilima
nikatafuta herufi. Nikajaribu alama ya mshangao,
nikajaribu mkwaju, kompyuta ikapiga mstari mwekundu chini yake
kama mwalimu wa zamu.
Kitalu B sikuandika.
Nikaacha nafasi, upana wa vidole vitatu.
Mwenyekiti akasaini bila kuiona.

Zimetoka nakala arobaini.
Ikikufikia mojawapo, ukurasa wa nne,
penye pengo, usipite haraka.
Si kosa la uchapaji.